Mlio Uliofuata Macho Yangu

Kitu cha kunishangaza mimi kilikuwa hakijazaliwa. Nilitoka Lubumbashi na mkasi mmoja, shule niliishia darasa la nne, na kufikia mwaka 2017 nilikuwa na cherehani sita huku ugenini, mtaa wa Yeoville, wenye diploma zao wakishona kwa mshahara wangu.

Halafu mlio ukaanza. Cherehani zikinyamaza, nikitazama mlangoni, nasikia mtu anaburuta kitambaa kikavu nyuma ya sikio la kushoto. Nikirudisha macho mezani, naye anarudi. Nikikazia macho sehemu moja, anasimama. Ananisubiri. Nikikohoa, sakafu inainama na kuta zinaondoka.

Nabii wa kanisa letu aliniwekea mkono kichwani, akatangaza mbele ya watu wote, "Papa, anayekutembelea anakula mezani pako."

Kwetu neno kama hilo halihitaji jina: mchawi ni mzee wa nyumba. Mzee pekee nyumbani kwangu alikuwa mama mkwe. Kina mama wa kanisa wakaacha kupokea chakula chake. Nikamkatia tiketi ya basi arudi Lubumbashi, ingawa mwanawe wa huko alishapata habari na kuapa kwamba hatamfungulia mlango.

"Mkwe," aliniambia akifunga mzigo, "kama ni mimi ninayetembea humo kichwani, mbona ngazi za humu ndani zinanishinda?"

Mke wangu hakucheka. "Mama hapandi basi mpaka upigwe picha ya hilo sikio. Si unajidai una pesa?"

Alijua pa kunichoma.

Nililazwa kwenye kitanda cha mashine, kichwa kimebanwa kwa mkanda. "Usitikisike, baba," mpiga picha akasema, akatoka, akafunga mlango. Duara kubwa likanizunguka, likanyamaza. Nikafumba macho na kuyageuza taratibu chini ya kope. Yule mtu akaburuta. Kushoto. Kulia. Tulikuwa wawili mle, na kitanda ni cha mmoja.

Daktari wa masikio alinionyesha picha. Mfupa unaofunika mfereji wa sikio la ndani ulikuwa na tundu, dogo kama la sindano.

"Sauti za mwili wako zinapenya hapa," akasema. "Unayemsikia ni macho yako yakigeuka."

"Eish, daktari. Macho hayana sauti."

"Wengine mfupa unawazibia."

Nikamtazama yeye, nikatazama picha, na katikati yake nikasikia kitambaa kikiburutwa.

Jumapili niliiinua picha ile mbele ya kanisa zima. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele, nabii hakumtazama. Picha randi elfu nne na mia sita, tiketi isiyorudishwa pesa randi elfu moja na mia mbili: mama mkwe alibaki kwangu kwa randi elfu tano na mia nane.