Ndege Ikizunguka, Acha Kuvuta

Ninyi vijana mtakaosoma haya, tulieni, sipendi kurudia maneno.

Nakumbuka siku moja mjukuu wangu Somoe, msichana anayesomea urubani, alirudi Newala amenuna. Huko chuoni mwalimu huiacha ndege ndogo makusudi iporomoke ikizunguka, mwanafunzi aiokoe. Somoe alishindwa. Pua ya ndege ilipoelekea chini, akavuta usukani kuiinua, ndege ikazidi kuzunguka. Mwalimu akaiokoa mwenyewe. Sasa alibakiwa na jaribio moja tu. Akishindwa, masomo yameisha.

Mjomba wake, mwanangu Bakari, akacheka. "Aje tulime mbaazi. Zenyewe hazizunguki."

"Bakari, funga mdomo," nikamkatiza.

Wanangu, usichanani mwetu tulifuata maji bondeni, tukapanda na ndoo kichwani. Nikamsimulia Somoe nilivyoteleza mle mtelemkoni. Maji ya Newala ni adimu, nani anayamwaga? Niliikumbatia ndoo, nikabiringika nayo. Bibi yangu akapiga kelele, "Achia, mjinga we! Maji tutachota mengine!" Nikaachia, mikono ikapata mzizi, nikapona.

"Mwalimu naye anasema hivyo," Somoe akasema. "Punguza injini, kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko, sukuma usukani mbele. Lakini Bibi, kizunguzungu! Sijui nazungukia wapi."

"Hakuna cha kukuonyesha?"

"Kipo kisaa kidogo mbele yangu, mshale wake huonyesha ndege inazungukia upande gani."

Nikamfunga kanga machoni, nikamzungusha pale uani, kisha nikamshika mabega akasimama kabisa. "Sasa je?"

"Nazunguka, Bibi! Nimegeuka upande mwingine!"

Hata Bakari alisogea kutazama.

"Umesimama kama kinu, wewe. Kichwa kinakudanganya. Amini kisaa."

Akarudi chuoni. Simu ilipolia, sikungoja salamu iishe.

"Shikamoo Bi—"

"Marahaba. Ulivuta?"

"Sikuvuta! Kichwa kilisema kulia, kisaa kikasema kushoto. Nikaamini kisaa, nikakanyaga pedali ya kulia, nikasukuma, ndege ikanyooka yenyewe. Nimefaulu, Bibi!"

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaolewa.

Basi nawausia: mkianza kuporomoka, msikaze mikono kwa woga. Tazameni kinachosema kweli, mfanye mlilofundishwa, hata mwili mzima ukikataa. Mungu awape mikono mitulivu, awarudishe kwenu salama.

Na siku ile ile nilitoa amri nyumbani kwangu, Bakari akiwemo: msichana akipanda mkorosho, marufuku kumfokea ashuke. Afundishwe kushuka.