Kamishna wa Ligi Afika Mbwera

Mshamu Matimbwa alikuwa karani wa ghala la korosho pale Kibiti kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuna gunia lililopita mlangoni bila yeye kulitupia jicho la shaka. Kisha soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao na maneno yao matamu, chama cha ushirika kikakonda mpaka kikabaki jengo tupu, na Mshamu akaambiwa asante. Akarudi nyumbani na suti yake ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni, na mazoea ya kuamka alfajiri kuwahi mahali ambapo hapakuwapo tena.

Mkewe, Muzdalifa, alimvumilia mwanzoni. Alimwona akiwakagua kuku. Akamwona akimsimamisha jirani na kumwuliza ana kibali gani cha kupitisha baiskeli uani. Lakini siku alipomkuta ameyapanga masufuria kwa ukubwa na kuyaandika namba kwa mkaa, alishika kiuno.

"Baba nanihii, nenda mgahawani kwa Rukaiya ukanywe chai. Ukirudi kabla ya adhuhuri mlango huu sikufungulii."

Ndivyo Mshamu alivyojikuta kwenye benchi la Rukaiya, karibu na stendi, siku ileile Zaidi, muuza mitumba, alipofungua robota la viatu. Mwaka ulikuwa tisini na nane. Viatu vya huko Ulaya huja vimejazwa magazeti visipoteze umbo, na ndani ya buti moja Zaidi alikuta ukurasa wenye picha za wachezaji wa mpira na tarakimu pembeni ya kila mmoja. Akampelekea Mwalimu Ashrafu, anayefundisha Kiingereza sekondari. Mwalimu aliusoma, akaenda nao nyumbani, akarudi kesho yake na uso wa mtu aliyegundua jambo.

"Wazungu wamebuni kucheza mpira bila mpira," alisema. "Kila mtu anaunda timu yake kichwani kwa wachezaji wa kweli. Mchezaji wako akifunga huko uwanjani, au kipa wako asipofungwa, wewe huku unapata pointi."

"Yaani unammiliki mchezaji na mwenyewe hajui?" aliuliza Zaidi.

"Hajui."

"Na humlipi?"

"Humlipi hata senti."

"Basi hii ndiyo biashara huria yenyewe!"

Hawakungoja idhini ya mtu. Wachezaji wangekuwa wale wa ligi kuu ya nyumbani, na matokeo yangetoka kwenye redio ya Rukaiya. Kila mwenye timu angetaja kepteni wake kabla ya mechi za Jumamosi, na mabao ya kepteni yangehesabiwa mara mbili. Wakapatikana watu wanane. Likabaki jambo moja: gazeti lilisema ligi lazima iwe na msimamizi, neno ambalo Mwalimu alilitafsiri "kamishna". Hapo kila mmoja akatazama pembeni, maana kila mmoja alitaka timu.

Mshamu alikuwa anakoroga chai. "Mimi sina timu," alisema. "Wala redioni sishabikii yeyote."

Wakamtazama kama mtu aliyesema hana ukoo. Halafu wakampigia makofi.

Basi ule uongozi aliokuwa ameukosa kwa miezi mingi ukamrudia wote kwa pamoja. Aliunda kamati ya usajili, ya nidhamu, ya rufaa, ya mipango, na hata ya fedha, ijapokuwa fedha haikuwapo. Watu wanane, kamati saba. Zaidi alipochelewa kikaoni alifikishwa mbele ya kamati ya nidhamu, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Zaidi, akajipa onyo kali, kisha akakata rufaa kwa kuona amejionea. Vikao vilikuwa virefu kuliko mechi. Rukaiya alilalamika kwamba watu wanazungumza sana na kunywa chai kidogo. Hata hivyo hakuna aliyetaka kumwondoa Mshamu, kwa sababu moja tu: mtu yeyote akishinda, yeye usiku alilala usingizi uleule.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya Ismaily. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Mbwera, kule deltani, aliyekuja Kibiti na mchele na samaki wakavu, akaipenda ligi na kujiunga. Kepteni wake alimtaja kwa mdomo: kila Alhamisi humwambia Mwinjuma, nahodha wa boti, naye Mwinjuma akifika bandarini Nyamisati huliacha jina kwa dereva wa pikapu inayokuja Kibiti. Wiki moja jina halikufika Alhamisi, wala Ijumaa. Lilifika Jumapili mchana, wakati mechi zimekwisha. Na kepteni aliyetajwa hakuwa mshambuliaji. Alikuwa beki wa kushoto aitwaye Kibuyu, ambaye tangu aanze kucheza mpira hajawahi kuona nyavu kwa karibu, na ambaye Jumamosi hiyo alifunga mabao mawili.

Mgahawa ulichemka. Dereva aliapa kwamba kwa maelezo ya Mwinjuma, Ismaily alitoa jina Alhamisi kama kawaida, ila injini ya boti ilikufa.

"Mzee Mshamu, wapigishe kura tumalize," alisema Rukaiya. "Nataka kufuta meza."

"Haki haipigiwi kura, Bi Rukaiya. Inachunguzwa." Akafunga kifungo cha juu cha suti. "Nitakwenda mwenyewe."

Alitanguliwa na salamu kwamba Kamishna anakuja kuchunguza. Salamu zile zilipita kwa dereva, zikapita kwa wapakia boriti za mikoko pale Nyamisati, zikapita kwa Mwinjuma, na kila aliyezipokea alizipunguza kidogo, hadi zilipofika Mbwera zilikuwa zimebaki maneno mawili: Kamishna anakuja.

Na Mbwera siku hizo walikuwa wakimngoja mkubwa wa serikali. Kulikuwa na uvumi wa mwekezaji aliyetaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, pale pale kwenye mashamba ya mpunga. Kila wiki habari ilikuwa mpya na kila wiki hakuna aliyeijua kwa hakika. Kwa hiyo Mshamu aliposhuka kwenye boti, amelowa hadi magotini, alikuta kijiji kizima ufukoni. Mwenyekiti, Bwana Abdalah, alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Kamishna."

"Marahaba," alijibu Mshamu, akashangaa jinsi Ismaily alivyo na jamaa wengi.

Akapewa kiti chenye mto. Akapewa dafu. Ukaja wali wa nazi na kuku mzima. Tangu ghala lifungwe hakuna mtu aliyempa Mshamu kiti chenye mto, na alihisi uti wa mgongo wake ukinyooka wenyewe.

"Tumeambiwa umekuja kuchunguza," alisema Abdalah, baada ya watu kunawa mikono.

"Ni kweli."

"Bila upendeleo?"

"Mimi sina upande. Ndiyo maana nikachaguliwa."

Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta macho. Akasimama mama mmoja, Warda, mwenye shamba karibu na mikoko. "Mheshimiwa, wakichimba yale mabwawa, maji ya chumvi yataingia kwenye mpunga wetu. Tutakula nini?"

Mshamu akageuka kumtafuta Ismaily. Ismaily alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Hapo Mshamu akaelewa kwamba amedhaniwa kuwa kamishna wa serikali. Palikuwa na nafasi ya kusema ukweli, nafasi pana kabisa, lakini kiti kilikuwa na mto na watu walikuwa wakimtazama kwa heshima. Mdomo ukafunguka ukatoa maneno aliyoyasikia kwa wakubwa maisha yake yote:

"Tumelipokea. Tutalifanyia kazi."

Makofi. Akasimama mwingine na la kwake, likapokelewa, nalo likaahidiwa kufanyiwa kazi. La tatu vilevile. Mshamu alianza kuona kwamba kazi ya ukamishna si ngumu kama watu wanavyodai.

Ndipo Bi Sijaona, mwenye yule kuku, alipoomba kusema akiwa amekaa.

"Mwanangu, wa mikoko alikuja akasema hivyohivyo. Wa mipaka naye akasema. Sasa miye nauliza, hiyo kazi huwa mnaifanyia wapi, ili na sisi twende tukaione?"

Hakuna aliyecheka. Bibi hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. Mshamu alitazama mifupa kwenye sahani yake.

"Mama," alisema, "mimi si Kamishna wa Ardhi."

"Wa Misitu?"

"Wala si wa Misitu."

"Wa nini basi?"

"Wa mpira."

"Mpira wa wapi?"

"Wa redioni, mama. Pale Kibiti kuna watu wana timu... za kichwani."

Bibi aliivuta karibu ile sahani ya mifupa.

"Kuku wangu," alisema Bi Sijaona polepole, "ameliwa kwa ajili ya timu ya kichwani?"

Vijana wa nyuma waliangua kicheko, lakini Abdalah hakucheka. Alitaka mgeni arudishwe botini saa ileile. Mwinjuma akaonyesha kijito kwa kidole: maji yalikuwa yamekupwa, boti imelala kwenye tope kama kiboko. Kamishna wa kweli au wa kichwani, hakuna ambaye angetoka Mbwera kabla maji hayajajaa.

"Haya," alisema Abdalah kwa hasira. "Fanya hiyo kazi iliyokuleta. Walau tumwone kamishna mmoja akifanya kazi."

Kamati zote saba zilikuwa Kibiti. Mshamu akainuka kwenye kile kiti, akasimama chini, akamwita Mwinjuma mbele ya watu.

"Alhamisi Ismaily alikupa jina?"

"Alinipa."

"La beki Kibuyu?"

Mwinjuma alijikuna shingo. Mpaka siku hiyo hakuna aliyemwuliza hivyo. "Hapana. Alhamisi alitaja mshambuliaji. Injini ikafa, nikalala hapahapa. Jumapili alfajiri akaja akaniambia, 'Sahau lile la kwanza.' Nami nikalisahau."

Macho yote yakamgeukia Ismaily.

"Redio nilikuwa nayo," alikiri Ismaily. "Boti nayo ilikuwapo. Ningefanyaje, Mzee Mshamu?"

Watu wakamtetea, maana ni mtoto wao. "Msamehe!" walipiga kelele. "Na kuku umekula!"

"Kuku nimekula na alikuwa mtamu," alisema Mshamu. "Pointi za beki hazimo. Jina la Alhamisi ndilo jina. Lakini na mimi nina kosa, niliweka sheria nikiwa Kibiti bila kuuliza maji ya huku yanajaa saa ngapi. Kuanzia leo, jina utakalolitamka hapa ufukoni mbele ya watu litahesabika, hata boti ikae mwezi."

Akanyamaza. Watu waliendelea kungoja.

"Imekwisha?" aliuliza Warda.

"Imekwisha."

"Siku hiihii?"

Abdalah alimsogelea. Hasira ilikuwa bado, ila imepungua. "Wewe mambo ya maofisi unayajua?"

"Nimekaa ofisini nusu ya umri wangu."

"Basi na letu hilo la mabwawa, tusindikize."

Akawasindikiza. Wiki iliyofuata Mshamu, Abdalah na Warda walikwenda wilayani. Mlinzi alipouliza nani anataka kumwona mkubwa, Warda alidakia, "Kamishna," na mlango ukafunguka kabla Mshamu hajakanusha. Afisa mmoja aliwasikiliza kwa adabu kubwa, akaagiza soda, na mwisho kabisa ndipo alipouliza ni kamishna wa nini. Mshamu akamwambia. Afisa akazitazama chupa za soda, zilikuwa zimekwisha kunywewa, akasema suala hilo litafanyiwa kazi. Mwekezaji hakuonekana tena Mbwera. Kwa nini, hakuna aliyeelezwa, na kila ofisi ilijisifu.

Kibiti nako walinuna. Mshamu alivunja kamati zote, na Zaidi aliomboleza uenyekiti wake kama mtu aliyepokonywa shamba. Vikao vikawa vifupi, Rukaiya akafuta meza mapema. Mbwera wakaomba timu ya pili, akakabidhiwa Bi Sijaona, ambaye alisajili walinda mlango tu na kukataa ushauri wa Mwalimu Ashrafu. Mwalimu, mwenye mahesabu ya kila mchezaji, alimaliza msimu nyuma yake.

Mwaka elfu mbili, uchaguzi ulipokaribia, waliingia mgahawani wanaume wawili wenye kofia mpya za chama. Walikuwa wamesikia sifa za Kamishna, wakamtaka agombee udiwani.

"Nikishinda nitakuwa upande gani?" aliuliza Mshamu.

"Wetu, mzee."

"Na siku wale wengine wakiwa na haki?"

Walitazamana. Wakamaliza chai yao, wakasimama, na pale mlangoni wakamwuliza Rukaiya kwa sauti ya chini kama Kibiti kuna mtu mwingine yeyote mwenye suti ya Kaunda.