Farasi Sita wa Baba

Nyumba yangu ya Winson Green, mtaa wa Birmingham, ilikuwa nyembamba, imebanwa na za jirani pande zote mbili, lakini Jumamosi moja kila Aprili niliigeuza kuwa jukwaa la wakubwa. Nilitandika kitambaa cheupe mezani. Nilitoa glasi zenye shingo ndefu zilizokaa kabatini mwaka mzima zikila vumbi. Runinga, lile sanduku zito la miaka hiyo ya mwanzo wa elfu mbili, niliisukuma hadi mahali ambapo kila kiti kingeiona. Alasiri hiyo nchi nzima ilitazama mbio kubwa za farasi za kuruka viunzi, na sisi tulizitazama tukila.

Na kula tulikula. Mguu wa mbuzi niliufuata mwenyewe Sparkhill kwa mabasi mawili, kwa kuwa mwenye bucha mmoja wa Stratford Road ndiye pekee aliyeukata nilivyotaka. Uliiva polepole ndani ya oveni tangu asubuhi, na kitunguu saumu na limau. Kando kulikuwa na chapati, na kachumbari yenye pilipili ya kumtafutia Mwingereza maji. Divai nyekundu ililetwa na jirani yangu, bibi mjane aliyewahi kuwa mpishi wa shule, ambaye alivaa kofia yake ya harusi kwa safari ya hatua sita kutoka mlango wake hadi wangu. Mgeni wa pili alikuwa rafiki yangu, Mkenya mwenzangu, nesi wa wodi moja na mimi.

Kamari hatukucheza, maana kesho yake mimi na rafiki yangu tulikuwa na kwaya kanisani. Tuliandika farasi kwenye vikaratasi, tukavitia ndani ya kofia ya bibi, kila mtu akaokota chake. Mwenye farasi wa mwisho kufika ndiye aliyeosha vyombo. Ambaye farasi wake alianguka alisamehewa, kwa kuwa alikuwa ameumia vya kutosha.

Sasa niutoe uongo wangu. Mwaka wa kwanza bibi aliniuliza nilijifunzia wapi mambo ya farasi, na nikamjibu kwamba babangu alikuwa tajiri wa farasi kule Nairobi. Alikuwa nao sita, nikasema. Yalinitoka tu.

Ukweli ni kwamba Baba alikuwa saisi, mtu wa kuwalisha farasi, kuwasugua na kuwazolea mavi, katika uwanja wa mbio wa Nairobi. Farasi walikuwa wa wenyewe. Sisi tulilala chumba kimoja nyuma ya mabanda, na jukwaa nililiona kwa mbali: vitambaa vyeupe, kofia, glasi zenye shingo ndefu. Siku ya wazazi shuleni kwetu Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na wasichana wenzangu wakashika pua. Nilicheka pamoja nao. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, nimeosha vidonda vya kila namna, na bado hicho kicheko hakijanitoka.

Mwaka wa pili mmoja wa wale farasi sita alishinda kombe. Mwaka wa tatu Baba alikuwa na shamba la kuwazalishia.

"Wewe, hii story yako sasa imeota miguu minne," rafiki yangu alinitania, maana yeye ukweli aliujua. "Njia ya mwongo ni fupi, dada."

Nikamwambia Nairobi ni mbali. Kisha Baba akapata viza.

Alikuja Machi, kukaa nami miezi mitatu. Nilikuwa na majuma kadhaa ya kumwambia, na kila siku nikapata kisingizio: leo amechoka, leo nina shifti, leo anasali. Ningeanzia wapi? Kumwambia nimedanganya kuhusu yeye ni kumwambia kwamba namwonea haya. Kuumbuka mbele ya bibi ningevumilia. Nilichoogopa ni Baba kujua.

Jumamosi ilipofika alivaa lile sweta lake la kijani la kila siku, akaketi ukingoni mwa sofa na kikombe cha chai. Kikaratasi chake kilimpa farasi wa kijivu. Kwenye runinga farasi walikuwa wakizungushwa kabla ya mbio, naye alitazama miguu yao tu. Bibi alimimina divai, akamgeukia. Kiingereza Baba alikijua, maana alitumwa kwacho miaka thelathini.

"Binti yako ametusimulia habari za farasi wako sita," bibi akasema. "Hebu tuambie mwenyewe. Yule wa kombe alikuwaje?"

Rafiki yangu akaiinamia sahani yake. Mimi nilibaki na kisu cha nyama mkononi, sikati wala sikiweki chini. Baba alinitazama, si kwa muda mrefu, kisha akaweka kikombe.

"Sita," akasema. "Ndiyo."

Akawahesabu kwa vidole. Wa kwanza aliogopa miavuli. Wa pili hakula mpaka mtu asimame karibu naye. Wa tatu aliuma kila mtu ila watoto. Wa nne alipata kikohozi, na Baba alilala naye kwenye majani makavu hadi kikapona. Wa tano hakupenda kuwa wa kwanza mahali popote, hata mlangoni. Yule wa kombe alikuwa jike, mdogo wa umbo, na mguu wake wa nyuma wa kushoto ulimsumbua kila asubuhi ya baridi, ikabidi akandwe kwa maji ya moto.

"Wenye farasi wengi hawajui tofauti ya mguu wa mbele na wa nyuma," bibi akasema. "Wewe uliwapenda."

"Niliwapenda," Baba akajibu.

Nikakusanya sahani, nikakimbilia jikoni. Baba akanifuata na zilizobaki, akafungulia maji. Nikangoja anikemee.

"Mama," akasema. Ameniita hivyo tangu utotoni, kwa sababu nilipewa jina la mamake. "Mbona hukuniambia mapema? Ningevaa tai."

Heri angenipiga. Mtu huyu alikuwa tayari kunibebea uongo wangu, na kilichomsikitisha ni sweta. Nililia juu ya sinki, kwa kwikwi za kitoto, na yeye akaendelea kusuuza sahani mpaka nikamaliza.

Nilirudi sebuleni, Baba nyuma yangu, nikasimama mbele ya runinga.

"Babangu hakuwahi kuwa na farasi hata mmoja," nikamwambia bibi. "Alikuwa saisi. Nimekudanganya miaka yote hii."

Bibi alinitazama, kisha akamtazama Baba.

"Ndiyo maana anawajua," akasema. "Sasa ondoka hapo mbele, mbio zinaanza."

Akampa Baba glasi ya divai. Aliipokea kwa mikono miwili. Akatuambia divai anaijua, maana wao masaisi walimalizia mabaki ya chupa nyuma ya jukwaa, lakini kwenye glasi hajawahi. Na mbio pia, akasema, hajawahi kuona hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Farasi walipotoka, wao walikuwa kule chini na ndoo na blanketi, wakingoja. Walisikia kelele tu.

Basi akaziona siku hiyo, kwenye sofa langu, Birmingham. Farasi wa rafiki yangu alianguka kiunzi cha tatu. Mshindi alipofika bibi alipiga kelele hadi kofia ikamtoka. Baba hakupiga kelele, alikuwa bado anangoja. Mwishowe yule wa kijivu akaingia, wa mwisho kabisa, anatembea, povu begani.

Baba akasimama, akaenda hadi kwenye runinga, akaweka kidole kwenye kioo, chini pembeni.

"Mama, njoo umwone anayekimbia na ndoo," akasema. "Huyo ndiye mimi."

Niliinuka, nikaizunguka meza, nikainama karibu naye. Picha ilikuwa imeshahamia kwa mwenye farasi aliyeshinda, mama mmoja wa kofia kubwa, ameshika kombe.

Baba hakuondoa kidole.

"Alikuwa hapa," akasema.