Ng'ombe Wangu Ndani ya Barua ya Mkaguzi

Barua ilikuja kwa Kiingereza, na binti yangu akanisomea kwenye simu, anaigeuza Kiswahili polepole. Nilikuwa nimekaa uani kwangu Ilomba, hapa Mbeya, kiatu kimoja nimevua, kimoja bado, kwa sababu mguu wangu wa kushoto huvimba kukiwa na baridi na kiatu hakitoki kwa haraka. Mguu ule ulikanyagwa na fahali huko Usangu, fahali wa jirani wala si wetu, na jirani hakuja hata kunipa pole. Lakini hiyo tuiache. Binti akasoma, akasoma, akafika mahali akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha.

"Baba," akasema. "Umo humu."

"Nimo wapi?"

"Ndani ya barua. Wamekuandika. Wewe na ng'ombe."

Nilimalizia kuvua kiatu.

Niseme kwanza barua ilikuwa ya nini, maana hata mimi ilinichukua muda. Binti yangu ni fundi wa minara ya simu, anakaa Iringa. Yeye amesoma. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nilikula nusu tu, maana wazee walihama na mifugo kutoka Usukumani kuja bonde la Usangu, na huwezi kuhama na ng'ombe ukabaki shuleni. Yeye nilimpeleka bweni kule upande wa Tosamaganga, na ndoo, na godoro la kukunja, na nilipogeuka kurudi hakulia. Mama yake, alipokuwa hai, alikuwa akisema huyu mtoto amenirithi mimi ukavu wa macho. Labda.

Sasa, huko Madibira, bondeni, nina sehemu ndogo ya shamba la mpunga. Binti alitengeneza vikasha vya kupima maji kwenye mifereji, kikasha kadiri ya tofali, kina antena na taa ndogo nyekundu. Vinatuma habari kwa mtandao wa simu bila waya wowote. Kupima maji si jambo jipya, alinieleza, wengi wanapima. Shida ni mtandao. Mtandao unakipa kila kikasha maagizo yake: shika mnara huu, ongea kwa nguvu kiasi hiki, lala muda huu, amka. Na maagizo yanabadilika. Fundi aliyekaa mjini lazima ajue kila kikasha kimeshika maagizo gani, la sivyo kikinyamaza itabidi aingie topeni kukitafuta. Lakini kikasha kikisimulia maagizo yake yote kila mara, betri inakufa.

Alikwama hapo miezi mingi. Alikuja kunisalimia siku moja, tukakaa tunamenya maharage mabichi, akaniuliza, kama mtu anayepitisha muda tu:

"Baba, nyie mlipokuwa mnachunga, babu alijuaje ng'ombe wapo sawa? Alikuwa anahesabu?"

"Nani ahesabu? Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo."

"Sasa alijuaje?"

Nikamweleza. Jioni ukifika zizini baba amekaa langoni. Humtajii ng'ombe mmojammoja, utamaliza saa ngapi? Unasema, "Vilevile na jana." Kama kuna kilichobadilika unasema hicho peke yake: vilevile na jana, ila yule mwenye baka anachechemea. Basi. Lakini kama baba alikuwa amesafiri, tuseme alikwenda mnadani siku tatu, huwezi kumwambia vilevile na jana. Jana yeye hakuwepo. Mimi nilikosea mara moja tu. Aliniuliza, "Jana ya nani?" na fimbo ikafuata. Unatakiwa useme, vilevile na siku uliyoondoka, ila hiki na hiki. Unaanzia siku ya mwisho ambayo yeye aliitikia mwenyewe kwa mdomo wake. Kama hajaitikia, hiyo siku kwake haipo.

Binti aliacha kumenya. Alikaa na ganda la harage mkononi. Kisha akaenda kutafuta kalamu.

Ndicho kitu alichobuni. Kikasha hakisemi maagizo yote. Kinasema ni vilevile na taarifa ile ya mwisho ambayo mjini waliitikia, ila hiki na hiki. Betri ikawa inakaa msimu mzima.

Alinipa vikasha vitatu nivisimike Madibira kwa majaribio. Hapo ndipo penye kosa langu, na nitalieleza lilivyokuwa.

Kitu kigeni hukisimiki hivihivi katika shamba la watu. Kinawaka taa nyekundu peke yake gizani, hakina mwenyewe, mwaka huohuo mpunga wako unastawi na wa jirani unakauka. Watu wataongea. Kwetu Mbeya sitaki kusema watu wakiongea inafika wapi, kila mtu anajua. Dawa yake ni moja: unakipeleka mbele ya watu, kanisani, siku ya shukrani, unasema kimetoka wapi, nani kakitengeneza, kinafanya nini, mpaka mwisho, asibaki mtu wa kuuliza. Ukificha neno moja, hilohilo ndilo litakalozunguka mitaani. Nusu ya wanaosali pale wana mashamba kule bondeni, kwa hiyo nilijua habari itafika.

Nikavaa koti, nikabeba kikasha kimoja kwenye kapu la marehemu mama mtoto, nikasimama mbele. Mzee wa kanisa akanipa kipaza sauti, akaninong'oneza, "Dakika tano, mzee wangu, tunakujua." Watu wakacheka. Sikutumia dakika tano. Nilieleza kila kitu. Nilieleza ng'ombe, zizi, langoni, baba yangu na fimbo yake, jana ya nani. Kisha nikakiinua kikasha juu nikasema, na haka nako kanafanya hivyohivyo, mnara ndio baba, taarifa ndiyo jioni. Wakapiga makofi. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Sasa na sisi tumekuwa mafundi!" Nilifurahi sana siku ile, sitakataa.

Vijana wa kwaya walikuwa wanarekodi ibada kama kawaida, wakaiweka kwenye mtandao. Binti akaiona huko Iringa, akanitumia vipicha vya mioyo mingi kwenye simu. Hakuna aliyejua kwamba nimekosea kitu, wala yeye.

Ilikuwa baadaye sana mwenzake kazini alipomwambia, wewe hiki kitu kiombee hataza. Hataza ni hati ya serikali inayosema kitu hiki amekibuni fulani, mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa tayari kuweka vikasha vyake kwenye mashamba makubwa, lakini wakamwambia, lete hati kwanza. Akaamini. Akaacha kazi ya minara, akakodi chumba cha karakana. Ombi likaandikwa, likakaa huko ofisini, mimi kila akipiga simu naambiwa linakaguliwa. Nilidhani kukagua ni kuangalia kama kinafanya kazi. Nikawa navifuta vumbi vile vikasha vya shambani, kwamba mkaguzi akija avikute visafi.

Mkaguzi hakuja. Mkaguzi haji, kumbe. Anakaa kwenye kiti chake anatafuta dunia nzima kama kuna mtu aliyewahi kukisema hicho kitu kabla ya siku uliyoomba. Akikipata kimesemwa hadharani, si kipya, hata kama aliyekisema ni baba yako. Akaikuta ibada yetu. Aliandika dakika ya ngapi nimeanza na dakika ya ngapi nimemaliza. Aliandika, binti alinisomea, "mzee aliyeshika kifaa." Aliandika habari ya fimbo.

Basi nikapanda basi kwenda Iringa, maana wakala wake, yaani yule mwanasheria anayeandika majibu ya barua hizo, alitaka kuniona. Binti akanipokea stendi. Shikamoo baba, marahaba mwanangu. Akabeba begi langu. Amekonda, nikaona, lakini sikusema. Njiani akaniambia bila kunitazama:

"Baba, ukifika pale usiende mbali sana. Jibu kidogokidogo."

"Nijibuje?"

"Kama mzee tu. Kama mtu aliyekuwa anashukuru, hajui undani."

"Sawa."

Ofisi iko ghorofani juu ya duka la sare za shule. Wakala ni mama wa makamo, Mhehe, ana sweta la zambarau na miwani ya kamba. "Kamwene, mzee," akasema, nikaitikia kamwene, akatuletea chai. Akaeleza taratibu. Kuna muda wa kusamehewa, mwenye kitu akikitangaza mwenyewe halafu akaomba mapema. Sisi tulikuwa tumeupita kwa wiki mbili tatu. Wiki mbili tatu. Nilikumbuka kwamba wiki hizo binti alikuwa Ilomba ananiuguza huo mguu, na makaratasi yalikuwa yamebaki Iringa. Sikulitaja hilo, na yeye hakulitaja.

"Umebaki mlango mmoja," wakala akasema. "Maneno yakisemwa lakini hayamtoshi fundi kukitengeneza kitu, hayahesabiwi. Tunasema mzee alisimulia ng'ombe, kifaa hakukieleza. Nimeshaandika hapa, ni kusaini tu. Lakini nikusikie kwanza kwa mdomo wako, wasije wakanikamata na swali. Kule kanisani ulisema nini?"

Nikaanza vizuri. Nikasema nilikuwa nashukuru tu, mimi ni mtu wa darasa la tatu. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Binti alikuwa anaangalia dirishani.

"Na hii ya vilevile na jana, ni msemo tu wa wachungaji?"

"Ndiyo. Msemo."

"Maana mimi hata sikuielewa," akasema. "Kama baba mwenyewe hayupo, si unamwambia tu ya jana akirudi?"

Sijui alinitega au aliuliza kweli. Mpaka leo sijui. Nikasema hapana mama, jana yeye hakuwepo, utamwambiaje vilevile na kitu ambacho hakukisikia? Nikachukua vikombe. Nikaweka kikombe hiki mnara, hiki kikasha, kijiko ni taarifa. Nikamwonyesha taarifa inapotea njiani, kikasha hakijaitikiwa, kwa hiyo kesho kinaanzia kulekule nyuma palipoitikiwa. Nikamwonyesha vikasha viwili. Nikamwonyesha mnara ukizimika. Chai ikapoa. Nilipoinua kichwa, mama yule alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mzee," akasema, "mimi nimesoma sheria. Mitambo siijui hata kidogo. Na nimeelewa."

Nikarudisha kijiko kikombeni.

"Hivi ndivyo ulivyoeleza kanisani?"

"Kanisani hapakuwa na vikombe," nikasema.

Hakucheka. Akanisogezea karatasi aliyokuwa ameandika. Mwisho palikuwa na mstari na jina langu chini yake. Akasema, "Karatasi ndiyo hiyo. Mimi sitakusukuma."

Nitasema ukweli, maana sina sababu ya kujipamba katika umri huu. Niliichukua kalamu. Ningesaini. Nilikwishaweka mkono kwenye mstari, na sikusikia kitu chochote moyoni, si hofu, si aibu, ni kama mkono unaosaini risiti ya mbolea. Binti ndiye aliyenyoosha mkono akaivuta karatasi ile taratibu kutoka chini ya kalamu, wino ukaacha mchirizi mfupi.

"Asisaini," akasema.

"Una hakika?" wakala akamuuliza. "Dai hili la vilevile na jana likianguka, madai yanayobaki kwenye ombi hayana uzito. Na video ikishakuwa ndiyo iliyotangulia, mtu yeyote anaweza kukitengeneza. Hata hao wa kampuni. Hawatakuhitaji."

"Alikieleza, dada. Umemsikia mwenyewe. Alikieleza kuliko mimi nilivyokiandika."

Wakala akavua miwani, ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Akasema ataandika barua ya kuondoa ombi. Ndiyo ikawa hivyo. Tulishuka ngazi, kule chini mama mmoja alikuwa anabishana na muuza duka kuhusu urefu wa sketi ya shule, anasema mtoto anakua, muuza duka anasema hakui hivyo. Tulisimama tukawasikiliza kitambo, sijui kwa nini.

Niliomba radhi stendi. Nilisema, "Mwanangu, nisamehe." Akasema, "Baba, wazo si lilikuwa lako?" Nikasema wazo lilikuwa la baba yangu, na la baba yake. Akasema, "Basi." Akanipangia begi juu, akamwambia kondakta mzee huyu mguu unavimba, apewe nafasi ya kuunyoosha. Basi lilipoondoka alikuwa amekwishageuka.

Karakana aliirudisha kwa mwenye nyumba. Aliomba kazi yake ya zamani, wakampa, ila nafasi ya chini kidogo, na sasa anapanda minara upande wa Mafinga kwenye ile baridi. Kampuni ile imeweka vikasha vyake bonde zima, rangi ya bluu. Nimeviona. Vinafanya kazi vizuri, vyetu vitatu navyo bado vipo katikati yavyo, na taa zake nyekundu.

Hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. Ananiuliza mguu, ananiuliza dawa ya presha kama nimemeza, ananiuliza mpunga umefikia wapi. Namjibu. Husubiri kidogo kabla ya kukata, na mimi nasubiri, na ninasikia upepo wa huko aliko. Kisha anasema haya baba, nami nasema haya mwanangu, na simu inakatika.