Safari ya Kumwambia Mama

Mume wangu ni shujaa kwa mambo yasiyomhusu. Hubishana na redio, hubishana na utabiri wa hali ya hewa, na mkutano wa wapangaji hauishi bila yeye kusimama. Lakini kumwambia mama yake jambo moja kulimshinda tangu siku tuliyompokea uwanja wa ndege, na mama mwenyewe alikuwa anakaa mbele yake kila asubuhi akinywa chai.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: haturudi. Tulikuwa tumekubaliana kununua nyumba ndogo huku huku Uswidi, karibu na Jordbro, ambako tumepanga miaka yote hii. Ile ploti aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambayo mama ameilinda kwa ajili yake, hakuitaka tena. Alitaka apewe mdogo wake. Hotuba aliiandaa vizuri, na mimi niliisikia jikoni hadi nikaweza kuitoa mwenyewe. Jumatatu mama alikuwa anapanda ndege. Asingeambiwa kabla ya hapo, angerudi nyumbani kuendelea kulinda ardhi ya mtu asiyekuja.

Basi Jumamosi mume wangu akatangaza safari. Tungemtembeza mama kwenye mahali pa kale na penye mandhari, na huko, akiwa amefurahi, angemwambia. Kwa nini mtu apate ujasiri mbele ya jiwe wakati ameukosa sebuleni, hilo sikuelezwa. Nilikaanga kuku, nikapika chapati, nikajaza chai kwenye thamosi. Binti yetu, ambaye ana miaka kumi na minne na huchoshwa na kila kitu, tulimtoa kitandani kwa vitisho.

Tulianzia mji wa kale wa Sigtuna. Mume wangu alikuwa amesoma mtandaoni usiku kucha, sasa akawa anatutangazia historia ya Waswidi utadhani babu zake ndio walioijenga. Mama alizunguka magofu ya kanisa la mawe, akainua kichwa kutafuta paa.

"Waumini walienda wapi?" aliuliza.

"Kanisa liliachwa, Mama. Ni zamani sana."

"Na haya mawe wanayachunga ya nini?"

"Ni kumbukumbu."

"Mtu anaacha kanisa lianguke, halafu anachunga mawe." Mama alinitazama mimi. Sisi wawili huongea Kiswahili kwa sababu lugha ya kwao siijui na ya kwetu haijui, na kwa macho huwa tunaelewana zaidi. Nilijifanya nafunga kiatu.

Mume wangu akakohoa. Nilimwona anavuta pumzi. "Mama, kuhusu ile ploti..."

"Choo kiko wapi?" akasema mama.

Nikampeleka choo. Tuliporudi, ujasiri ulikuwa umeshamtoka, na badala yake tukaonyeshwa jiwe lenye maandishi ya kale. Binti alisoma kibao, akamtafsiria nyanya yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba mtoto fulani alimwekea baba yake jiwe hilo. Mama akataka apigwe picha nalo. Alisimama wima, mkoba mkononi, uso wa kanisani.

Tukaenda Uppsala ya Kale. Pale pana vilima vikubwa vya majani, na chini yake, kama alivyotusomea mwenye safari, wamezikwa wafalme. Watu walikuwa wamekaa kando wanakula aiskrimu. Mama aligoma kukaribia.

"Nimepanda ndege mbili kuja kuona makaburi?"

"Ni makaburi ya wafalme, Mama."

"Watoto wao wako wapi? Mbona hakuna anayewakaripia hawa wanaokula?"

Mume wangu akaanza kueleza habari za serikali na hifadhi. Alieleza mpaka akajisahau, kisha akakumbuka kilichomleta. "Mama, unajua ile ploti..."

Choo tena. Nilianza kumhurumia mama kwa kibofu chake, na kumchukia mume wangu kwa woga wake. Kwenye maegesho nilimwambia wazi kwamba akishindwa mara ya tatu nitasema mimi. Alinijibu kwamba anatafuta mazingira yanayofaa. Mazingira! Mtu wa kuuza mbuzi hamalizi nusu siku akitafuta mazingira.

Mahali pa tatu palikuwa msitu kando ya ziwa Mälaren. Kusema kweli palipendeza, na hilo liliniudhi, maana sikutaka apate sifa. Miti mirefu, maji yametulia, vichaka vya matunda madogo ya buluu mpaka njiani. Mama alifika mwanzo wa njia, akasimama, akaita kwa sauti kubwa:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Binti yetu akajificha nyuma ya gari. "Shosho, ingen bor här!" alilia, halafu akajilazimisha: "Hakuna mtu anakaa huku!"

"Msitu hauna mwenyewe?"

Hapo mume wangu akang'aa. Hili ndilo somo analolipenda kuliko yote. Alimwambia mama kwamba msitu una mwenyewe, lakini huku kila mtu ana haki ya kuingia, kuchuma matunda, hata kupiga hema alale, mradi asiharibu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lingetushtua kama tungekuwa na akili. Tulitandika shuka, nikagawa kuku.

"Na mwenye ardhi hakasiriki?" aliuliza mama.

"Akasirike nini, Mama? Haitumii."

"Hata wewe hungekasirika?"

"Mimi?" Alicheka, akajinyoosha kwenye shuka. "Mimi nimeshazoea fikra za huku. Ardhi haimfai mtu kama amekaa mbali nayo."

Alikuwa amefika mlangoni mwa hotuba yake mwenyewe. Nilimkanyaga mguu ili aingie.

Mama akaweka kikombe chini. "Umenituliza moyo," alisema. "Nimekuja na neno hili kutoka nyumbani, na kila nikitaka kulisema nakimbilia chooni. Ile ploti nimempa mdogo wako. Amejenga. Wanakaa hapo, yeye na watoto."

Nilisubiri mume wangu acheke. Nilisubiri aseme Bwana asifiwe, ampigie mdogo wake simu, anirushie macho ya ushindi, maana alichokuwa anakitaka kilikuwa kimeshatendeka bila yeye kutoa jasho. Badala yake alisimama akamwaga chai kwenye chapati.

"Ploti yangu? Mama! Ploti yangu mimi?"

Wazee wawili wa Kiswidi waliokuwa wanapita na mbwa wao walipunguza mwendo, wakatazama ziwa kwa heshima.

"Baba alinipa mimi! Mimi ndiye mkubwa! Hata kuniuliza?"

Binti yetu akamwambia kwa Kiswidi, polepole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa: baba, si ulikuwa huitaki? Akaambiwa kwa Kiswidi hicho hicho anyamaze.

"Mtoto anasemaje?" mama akaniuliza.

"Anasema ana njaa," nilijibu, nikamwongezea binti paja la kuku juu ya lile alilokuwa nalo.

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mpaka nyumbani. Lakini nilimwona anaokota chapati zilizolowa chai moja moja, mtu mzima mwenye mvi, na hamu ya kucheka ikaniisha. Niliumia, na niliona aibu kwamba nimeumia, maana hata mimi nilikuwa sitaki kurudi, na hata hivyo nilihisi kama kuna mlango umefungwa nikiwa nje.

Mama hakupandisha sauti. "Kwani ulikuwa unarudi?"

Hotuba ilikuwa tayari. Alipewa hata swali. Alimtazama mama yake, akatazama maji, akafuta uso kwa kiganja.

"Nilikuwa narudi, Mama," alisema, na mimi niliyeishi naye miaka yote hiyo najua kwamba wakati ule hakuwa anadanganya.

"Mimi nilikungoja," alisema mama. "Watu waliponiambia nisingoje, niligombana nao. Nilipochoka ndipo nikampa mdogo wako."

Nilikunja shuka, nikampa binti thamosi aishike, nikachukua ufunguo wa gari kwenye mfuko wa koti la mume wangu, kwa sababu siku ile hakuwa mtu wa kuendesha.