Mshiriki wa Pili

Mume wangu ndiye aliyevaa tepu ya kupimia shingoni. Mimi ndiye niliyeshona. Yeye alikaa mlangoni akipiga soga na wateja, mimi nikawa nyuma ya pazia na cherehani. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye jina lake. Watu walisema fundi yule ana mkono mzuri, naye akashukuru. Alipoondoka na msichana niliyemfundisha mwenyewe kukunja pindo, alichukua cherehani zote na kibao. Wateja wakalifuata jina.

Sasa nimepanga chumba kimoja na cherehani kuukuu ya mkono. Nabadilisha zipu na kupunguza suruali. Mteja hukaa muda wa kueleza tatizo la zipu, kisha anajiendea. Kuna siku jua huzama sijatamka neno ila "karibu" na "njoo kesho".

Ndipo alipokuja binti wa jirani, yule ambaye mama yake humwita Profesa kwa kumtania. Yuko kidato cha sita. Alinieleza kwamba darasani kwao kila mmoja hufanya utafiti wake mwenyewe, na yeye amechagua wanawake wanaojitegemea kwa kazi za mikono. Kazi zitakazofaulu zitawekwa maktaba ya shule, watu wazisome miaka nenda miaka rudi. Mimi sikusoma, lakini hilo nililielewa upesi. Pangekuwa na mahali palipoandikwa kwamba ule mkono mzuri ulikuwa wangu.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Anaweka simu juu ya meza ya kukatia, ananiuliza, namjibu. Nilimwambia mengi ambayo hata dada zangu hawayajui. Nikaanza kufagia mapema siku hiyo, na nikaazima kiti cha pili.

Alipomaliza kuandika alinisomea. Yalikuwa maisha yangu kabisa, mpaka lile pazia lilikuwemo. Ila kila nilipotegemea kusikia jina langu, nilisikia Mshiriki wa Pili.

"Huyo nani?" nikauliza.

"Ni wewe, shangazi."

"Na wa kwanza?"

"Mama muuza mkaa."

"Hata hapo nimepitwa."

Alicheka. Nikamwomba aweke jina langu. Akasema kanuni hairuhusu, majina hufichwa ili kuwalinda watu. Nikamtuma akamwulize mwalimu wake, na Jumamosi iliyofuata akarudi na jibu lile lile.

"Mnanilinda na nani?" nikamwuliza. "Aliyeniumiza keshaondoka."

Nikamwambia basi anitoe.

Akawa anachezea kifuniko cha kalamu. Nilimpa nafasi anibembeleze. Badala yake alisema taratibu kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, wala haulizwi sababu. Atabaki na wawili, watamtosha kwa shida. Machozi yalikuwa karibu kumtoka, lakini kanuni hakuiacha. Huyo atafika mbali.

Alichana karatasi zangu mbele yangu. Kisha akachukua simu.

"Nifute na sauti, au usikilize kwanza?"

Nikasikiliza. Mwanamke alikuwa anasimulia habari za bwana mmoja aliyerudisha suruali akilalamika kwamba inambana, kumbe kavaa ya mwanawe. Mwanamke yule akaangua kicheko mpaka pumzi zikamwishia, na msichana akacheka naye. Sikuitambua ile sauti. Tangu nihamie chumba hiki nilikuwa sijasikia mtu akicheka ndani yake, na huyo aliyecheka ni mimi.

Tulikaa mpaka ikaisha.

"Futa," nikamwambia.

Akafuta, akaaga. Bado hunisalimia akipita kwenda shule. Hutoa shikamoo yake kutokea barabarani, nami huitikia marahaba bila kusimamisha cherehani.