Dua Iliyokatwa

Nyumba ile, ndani ya kuta za Maskati, ilijengwa na ndugu wawili kabla ya vita vya kwanza. Kila mmoja alichukua ghorofa yake, lakini mlango wa nje, kisima na ngazi vikabaki vya shirika, wakaahidiana kuwa mgeni hatapandishwa ngazi ile ila kwa ridhaa ya pande zote mbili. Ngazi ilipita mbele ya vyumba vya chini. Aliyekwenda juu aliwaona walio chini, atake asitake.

Chini alikaa Bibi Kheiria. Alifika na mumewe Thani na binti zao wawili, Mahbuba na Muhsina, mwaka sitini na nne, walipotoka Unguja na nguo walizovaa. Huko alikuwa mwalimu wa skuli, na babake alikuwa karani wa kadhi. Hapa mtaa ulimwona Mswahili tu, asiyejua hili wala lile, naye hakujishughulisha kuwasahihisha. Baada ya miaka minne Thani akafariki, na Bibi Kheiria, aliyerithi fungu katika ghorofa yake ile ya chini, akakaa eda nyuma ya pazia.

Juu alikaa Marhoon, binamu wa marehemu. Katika mwezi wa pili wa eda ukavuma mtaani uvumi kwamba anataka kumuuzia ghorofa yake mfanyabiashara mmoja wa Matrah, aifanye ghala ya marobota. Bibi Kheiria hakupata usingizi. Wapagazi watapanda na kushuka kutwa, na Mahbuba na Muhsina wafungiwe chumbani kama kuku. Nani angekuja kuposa katika nyumba ya namna hiyo?

Sheria aliijua tangu kwa babake. Mshirika wa nyumba ana haki ya shufaa, yaani kuitwaa sehemu iliyouzwa kwa bei ile ile, ili mgeni asiingie. Ila sharti adai pale pale habari ya mauzo inapomfika, mbele ya mashahidi. Akinyamaza, imemponyoka.

Siku moja baada ya alasiri Marhoon alishuka na wazee wawili kumpa pole. Mahbuba aliwapelekea dele la kahawa. Nyuma ya pazia Bibi Kheiria alizitambua sauti, na moja ilimshtua: ya Mzee Amur, ambaye alikwishakuja kutoa pole mara mbili. Ya nini tena leo? Waliulizana hali na habari kwa urefu wake wote, kama ilivyo ada. Hakuna habari, alisema Marhoon, ila kheri. Kisha, kwa sauti ile ile, kama anayeagiza maji:

"Na ile ghorofa ya juu, shemegi, nimeshaiuza jana. Haya, tumuombee marehemu."

Papo hapo akainua mikono na kuanza dua.

Ndipo Bibi Kheiria alipojua wazee wale wameletwa kushuhudia nini: kimya chake. Mjane gani ataikata dua ya mumewe, tena yumo edani, mbele ya wanaume? Marhoon aliomba taratibu, rehema baada ya rehema. Mikono ya Bibi Kheiria ilikwishainuka yenyewe. Muhsina, ubavuni pake, aliitikia amin. Mama akaishusha mikono.

"Nnadai shufaa," alisema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani. "Nnaitwaa ghorofa ile kwa bei uliyouzia. Mzee Amur, wewe na mwenzako, muwe mashahidi wangu."

Dua ilikatika. Kikombe kiligonga sinia. Marhoon alimuuliza kama Unguja ndivyo wanavyowaombea maiti wao, kwa kelele za sokoni.

"Tunawaombea mpaka mwisho, shemegi. Anza tena. Safari hii ntaitikia."

Akaanza tena, hakuwa na la kufanya.

Shauri lilipomfika, kadhi alimuuliza Mzee Amur jambo moja tu: mama alidai kabla ya dua au baada yake?

"Katikati," alisema mzee, akitazama chini.

Ikatosha. Mahfoudh, kaka yake Bibi Kheiria aliyekuwa Kuwait, akailipa bei kabla ya mwezi kwisha. Mtaani mama alibaki na jina la aliyeikata dua ya mumewe, wala hakujitetea.

Mwaka sabini ilikuja posa ya Mahbuba, na aliyewaongoza wageni alikuwa Mzee Amur. Kahawa ilipokwisha, aliligeukia pazia akauliza kama sasa anaweza kuomba dua, au kuna mtu ana la kusema kwanza.

Bibi Kheiria alimwambia aombe.